Kisu, mbolea na zamu ya maji: maswali ya wafugaji wenye malisho ya kumwagilia

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa kutoka kwa majirani tunaogawana maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili wa jamii, hapa tambarare chini ya Moshi, na kwa wengine wenye pampu, wa Tanga hadi Taveta. Wengi huuliza habari za mbolea peke yake, au za kukata peke yake. Shambani havitengani. Ukikata vibaya, mbolea haina wa kuila. Ukiweka mbolea bila maji, inapaa hewani. Ukimwaga maji bila mbolea, unapata kijani cha wiki mbili na baada yake njano. Ndiyo maana majibu mengine ni marefu kuliko swali lilivyotaka.

Nikate majani kila baada ya siku ngapi?

Hili huwa la kwanza, na jibu langu humkera muulizaji: acha kuhesabu siku, pima urefu. Mwezi wa pili, jua likiwa kali na maji yapo, matete, yaani majani ya tembo au napier, yanafika kiunoni kwa wiki tano. Mwezi wa saba, mawingu yamekaa mlimani na usiku una baridi, shamba lile lile kwa maji yale yale litataka wiki nane, pengine tisa. Nyasi za kitropiki husinzia joto likikaribia nyuzi 15. Anayekata kila siku ya 42 mwaka mzima atakata mabua Februari na vitoto Julai.

Kwa nini urefu? Nyasi zikishakatwa, majani mapya hufunika ardhi kidogo kidogo mpaka yanafika mahali ambapo karibu mwanga wote, asilimia 95 hivi, unanaswa juu. Hapo ndipo pa kukata. Ukichelewa, majani ya chini yanakosa jua, yanageuka manjano na kufa, na mmea unaanza kurefusha bua kwenda kutafuta mwanga. Uzito utaendelea kuongezeka, ila ni uzito wa bua. Ng'ombe atakuonyesha tofauti kwa kile anachokiacha horini.

Wabrazili wamelipima jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote ninayemjua. Kwa matete walikuta kipimo hicho kinafikiwa kwenye mita 1 hivi. Kwa brakiaria, nyasi fupi ya malisho, aina ya Marandu, sentimita 25. Kwa Mulato II, brakiaria chotara, 30. Kwa aina mbili za majani ya ginea zinazoitwa Mombaça na Tanzânia, ni sentimita 90 na 70. Majina hayo si ya bahati nasibu: mbegu za aina zote mbili ziliokotwa Korogwe na watafiti wa Kifaransa, mwaka 1967 na 1969, kisha zikatolewa rasmi kwa wafugaji wa Brazil miaka ya 1990. Sasa tunauziwa mbegu ya Korogwe ikiwa na lebo ya Kireno. Haidhuru, ila inachekesha.

Vipimo hivyo ni vya malisho ya kuchungia. Kwa sisi tunaokata na kubeba, kuchelewa kidogo si kosa: matete mita 1 hadi 1.2, brakiaria hadi magotini. Zaidi ya hapo unajidanganya. Matete ya wiki sita yanaweza kuwa na protini asilimia 8 hadi 10. Yakifika miezi mitatu hushuka chini ya 7, na chini ya hapo vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinakosa chakula, naye anakula kidogo zaidi hata kama hori limejaa.

Niache kisiki cha urefu gani?

Hapa ndipo ubishi ulipo, na sikufichi kwamba hata vitabu vinapingana.

Mmea uliokatwa unafufuka kwa njia mbili. Kwanza, kwa majani yaliyobaki, ambayo yanaendelea kutengeneza chakula. Pili, kwa akiba ya sukari na wanga iliyofichwa chini ya bua na kwenye mizizi, pamoja na macho yaliyo kwenye vifundo. Ukikata chini sana unaondoa majani yote, unapunguza akiba, na kama nyasi ni za kusimama wima kama ginea, unakata hata macho. Mmea unalazimika kuchota kwenye mizizi. Ukifanya hivyo mara moja, hutaona kitu. Ukifanya mara nane kwa mwaka, mizizi inakuwa mifupi, shina linaanza kufa katikati, na magugu yanapata nafasi.

Ukikata juu sana nako kuna adhabu, hasa kwa matete. Machipukizi hayatoki ardhini. Yanatoka kwenye vifundo vya juu, membamba kama vidole, yasiyo na mizizi yake yenyewe. Baada ya mikato michache shamba linafanana na ufagio uliopinduliwa.

Msimamo wangu, kwa mtu anayemwagilia na kuweka mbolea:

Matete, sentimita 10 hadi 15, yaani ngumi moja na nusu kutoka ardhini. Majani ya ginea, shubiri moja kamili, sentimita 20 na kitu, hata zaidi yakiwa dhaifu. Nyasi za Rhodes, zile za hei, 10. Brakiaria, 10 hadi 15. Lusini, ambayo wengine huita alfalfa, ni kabila jingine kabisa: akiba yake imo kwenye kichwa cha mzizi, kwa hiyo inavumilia kukatwa sentimita 5 hadi 8, mradi uiachie muda ikaribie kutoa maua.

Miezi ya baridi, au zamu ya maji ikikatika, ongeza kisiki kwa ngumi moja. Mmea hauna haraka wakati huo, na majani yaliyobaki ndiyo riziki yake. Kama matete yako tayari yamekuwa ufagio, subiri mwanzo wa masika, pitisha panga kali karibu na ardhi mara moja, weka samadi, uache yachipue upya kutoka chini. Usifanye hivyo Julai.

Baba yangu alikuwa anafyeka usawa wa udongo na matete yalichipua miaka yote. Mbona mnatutisha?

Mzee alikata mara ngapi kwa mwaka? Mara mbili, labda tatu, na kati ya mikato hiyo matete yalikaa miezi mitano yakijaza akiba. Tena yalikuwa kwenye ukingo wa shamba, mahali maji ya zizi yalipokuwa yanatiririkia. Wewe unakata mara saba au nane kwa sababu unamwagilia. Kisu kile kile kinakuwa kitu kingine.

Na panga liwe kali. Butu linachana bua na kung'oa mashina machanga, na kidonda kilichochanika kinaoza. Anayetumia fyekeo kwenye matete yaliyokomaa anapiga, hakati.

Mbolea niweke lini: kabla ya kukata, siku ya kukata, au baadaye?

Baada ya kukata, machipukizi yakianza kuonekana, kwa kawaida siku ya 3 hadi ya 7. Siku ya kwanza mizizi imepigwa mshtuko na haivuti sana. Ukisubiri wiki tatu, umepoteza muda ambao mmea ulikuwa na njaa kuliko wakati wote, na mbolea itaishia kukuza bua.

Kwenye umwagiliaji sharti la pili ni kubwa kuliko la kwanza: mbolea itangulie, maji yafuate, siku hiyo hiyo. Yurea, mbolea ya chembe nyeupe yenye naitrojeni nyingi, ikikaa juu ya udongo wenye unyevu au juu ya takataka za majani, inageuka amonia na kupaa. Robo ya mfuko inaweza kwenda hivyo kwa siku chache za jua, na udongo wa magadi huzidisha. Maji ya milimita 10 hadi 15 yanatosha kuizamisha. Milimita moja juu ya ekari moja ni lita 4,000 hivi, kwa hiyo piga hesabu: lita 40,000 hadi 60,000 kwa ekari. Usizidishe zamu hiyo, maana maji mengi yataisukuma mbolea chini ya mizizi.

Usirushe yurea wakati wa umande. Mimi niliwahi kurusha saa moja asubuhi nikitaka kuwahi zamu yangu, chembe zikanata kwenye majani machanga ya Rhodes, na jua lilipopanda nikapata madoadoa meupe shamba zima. Nyasi zilipona, ila wiki mbili za mkupuo ule zilikwenda. Subiri majani yakauke.

Kiasi gani kwa ekari?

Anza na kile kinachotoka. Tani moja ya nyasi kavu yenye protini asilimia 12 imebeba naitrojeni kilo 19 hivi. Ekari ya kumwagilia inayotoa tani 8 kavu kwa mwaka imeondokewa na naitrojeni kilo 150, ambayo ni karibu mifuko saba ya yurea, kwani mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Watu husikia hesabu hiyo wakashika kichwa. Lakini si lazima yote itoke dukani: udongo unatoa kidogo, na samadi yako, kama inarudi shambani, inatoa sehemu kubwa.

Ninachoshauri kwa anayerudisha samadi ni nusu mfuko wa yurea kwa ekari kila baada ya mkato, msimu wa joto. Ni kama naitrojeni kilo 28 kwa hekta. Asiyerudisha samadi, au anayeuza marobota ya nyasi kavu, aende hadi mfuko mmoja kasorobo. Mwezi wa baridi, nusu ya hapo, au ruka kabisa mkato mmoja.

Je, inalipa? Nyasi za kitropiki zenye maji ya kutosha mara nyingi hurudisha kilo 15 hadi 40 za majani makavu kwa kila kilo ya naitrojeni. Chukua 20. Mfuko mmoja unakupa kilo 460 kavu za ziada, ambazo ni marobota 36 hivi ya kilo 15, kwani hei ya robota hubaki na unyevu wa asilimia 15 hivi. Weka bei ya robota kwenu, toa kukata, kufunga na kubeba, linganisha na bei ya mfuko. Kama hesabu haitoki kwa 20, usinunue kwa matumaini ya 40.

Kipo pia kiwango ambapo kuongeza hakuongezi. Ukikuta nyasi zimekuwa kijani karibu nyeusi, zimelala chini kwa uzito wake, umepita.

Yurea, CAN au SA?

Kama maji yako ni ya uhakika siku hiyo hiyo, yurea, kwa sababu kilo ya naitrojeni ndani yake huwa rahisi kuliko zote. Kama zamu ya maji inaweza kucheleweshwa siku tatu na mtu wa juu yako mfongoni, CAN (kalsiamu amonia naitreti) ni salama zaidi, haipai kirahisi; lakini ina naitrojeni asilimia 26 au 27 tu dhidi ya 46, kwa hiyo usilinganishe mfuko kwa mfuko. SA (salfeti ya amonia) ina 21 pamoja na salfa, na inaongeza tindikali kwenye udongo. Kwenye migomba na kahawa kule juu, ambako udongo tayari una tindikali, sitaitumia mwaka hadi mwaka. Huku chini kwenye udongo wa magadi inasaidia.

DAP na NPK zenye fosforasi nyingi ni za kupandia. Kuzirusha juu kila mkato ni kununua fosforasi ambayo nyasi hazikuiomba. Tani ya majani makavu hubeba kilo 2 hadi 3 tu. Mara moja kwa mwaka yatosha, na kwenye udongo wenye tindikali fosfeti ya Minjingu inafanya kazi hiyo vizuri.

Nina ng'ombe watatu na samadi ya kutosha. Nahitaji mbolea ya dukani kweli?

Pengine huhitaji, ila niambie kwanza mkojo unakwenda wapi.

Katika mtindo wa kukata na kubeba, shamba linahamia bandani. Kila tenga la majani ni naitrojeni na potasiamu inayoondoka. Kinyesi tunakiona, tunakikusanya. Mkojo ndio unaobeba karibu potasiamu yote na sehemu kubwa ya naitrojeni, na katika mabanda mengi unapotelea kwenye sakafu ya udongo. Mwenye sakafu ya saruji yenye mteremko na shimo la kukusanyia ana kiwanda kidogo cha mbolea. Tope la bayogesi ni zuri vile vile. Lipeleke kwenye mfereji siku ya maji, lisikae juani.

Samadi kavu iliyotunzwa vizuri ina naitrojeni kilo 10 hadi 20 kwa tani, na haitoki yote mwaka wa kwanza. Iliyolundikwa bila paa ikanyeshewa masika yote ni udongo mzuri, basi. Weka samadi katikati ya mistari, si juu ya kisiki, usije ukamlisha ng'ombe majani yenye kinyesi chake.

Maji ni ya zamu, kila siku saba. Nitakataje kwa urefu wakati maji yana ratiba yake?

Swali zuri kuliko yote, na ndilo lililonifanya nigawe shamba langu.

Ligawe vipande sita. Kila wiki kata kipande kimoja siku nne au tano kabla ya zamu. Machipukizi yanapotokeza, siku ya maji imefika: rusha mbolea kwenye kipande hicho peke yake asubuhi umande ukikauka, kisha fungulia. Vipande vingine vinapata maji tu. Kwa hiyo kila kipande kinarudiwa baada ya wiki sita, na kila mbolea inapata maji yake.

Wakati wa joto nyasi zitakupita. Kipande cha tano kitafika kiunoni kabla ya zamu yake. Usikilazimishe kisubiri, kata viwili wiki hiyo, cha ziada kifanye hei au saileji, yaani majani mabichi yaliyovundikwa bila hewa. Wakati wa baridi kinyume chake: kipande kikifika zamu bado kiko magotini, kipite, lisha akiba. Ratiba ni ya maji. Kisu kifuate urefu.

Tahadhari moja kwa wenye mfereji: maji husukuma yurea. Ukiona nyasi za mwisho wa mfereji ni kijani iliyokolea na za mwanzoni ni njano, mbolea yako inasafiri. Fungulia maji polepole, ziba mwisho, wala usiruhusu maji yatoke kwenda kwa jirani, maana ndiye atakayevuna.

Majani yana njano. Ni njaa ya nini?

Tazama majani ya zamani, ya chini. Yakigeuka njano jani zima, kuanzia ncha kupitia katikati, ni naitrojeni. Yakiungua kahawia pembeni na nchani huku katikati pakiwa kijani, ni potasiamu. Hii utaiona zaidi kwenye mchanga wa pwani kuliko kwenye udongo wa volkano, na hasa kwa wauza marobota. Rangi ya zambarau na ukuaji wa kudumaa huashiria fosforasi. Majani machanga yakiwa njano wakati ya zamani ni kijani, fikiria salfa, au chuma kwenye udongo wa magadi. Na mara nyingi kuliko tunavyokubali, njano ni maji yaliyotuama: chimba shubiri moja, unuse.

Maabara za udongo zipo SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, na TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, Mlingano kule Muheza. Kwa majirani wa Kenya, KALRO, shirika lao la utafiti wa kilimo na mifugo. Gharama ya kipimo ni ndogo kuliko mifuko miwili ya kubahatisha.

Nimesikia mbolea inaweza kuua ng'ombe. Ni kweli?

Kwa njia mbili. Ya kwanza ni ng'ombe kulamba yurea yenyewe kwenye mfuko uliotupwa au ndoo isiyooshwa. Ya pili ni naitreti. Nyasi zilizopewa naitrojeni nyingi, kisha zikapata ukame, baridi au mawingu ya siku nyingi, zinavuta naitreti bila kuigeuza protini. Nayo hukaa zaidi sehemu ya chini ya bua, ndiyo maana anayekata chini sana anajiongezea hatari.

Usilishe nyasi kabla ya wiki tatu hadi nne tangu kuweka mbolea. Usimpe ng'ombe mwenye njaa matete machanga matupu. Changanya na makavu. Akihema kwa kasi, akayumba, fizi zikawa kahawia, damu ikawa na rangi ya chokoleti, mwite daktari wa mifugo dakika hiyo, kwani dawa ipo lakini muda ni mfupi.

Mimi ni wa Rhodes na marobota. Kuna tofauti gani?

Mpangilio tu. Simamisha maji siku kadhaa kabla ya kukata, ili ardhi ikaze na hei ikauke. Kata maua yanapoanza kutokeza. Ukisubiri shamba zima litoe mashuke, unauza kuni laini. Ukishafunga, ondoa marobota siku hiyo au kesho yake. Nimeona mashamba yenye madoa ya mviringo ya nyasi zilizokufa, kila doa ni robota lililosahauliwa huku maji yakisubiriwa. Shamba likiwa tupu, mbolea, maji.

Na wewe, kuliko wote, kumbuka potasiamu. Mwenye ng'ombe anairudisha kwa samadi. Wewe unaipakia kwenye lori.

Rhodes ina sifa nyingine: inavumilia chumvi. Pale ukoko mweupe unapojitokeza, matete yatakataa, Rhodes itakaa.

Pakchong na juncao hazihitaji mbolea, sivyo?

Pakchong ni mtoto wa matete na uwele, kutoka Thailand; juncao ni nyasi ndefu kutoka China. Ni nyasi nzuri. Lakini mmea unaotoa majani mara mbili unakula mara mbili. Tani zinazotajwa na wauza vipando ni za majani mabichi, na majani mabichi yaliyomwagiliwa ni maji kwa asilimia 80 au zaidi. Uliza uzito mkavu, muuzaji atabadilisha mazungumzo.

Baadhi ya mashina yamedumaa, majani madogo ya njano, hata nikiweka mbolea.

Acha mbolea. Hiyo huenda ni ugonjwa wa kudumaa kwa matete, unaoenezwa na wadudu warukaji wa majani na kwa vipando vyenye ugonjwa. Ng'oa shina zima pamoja na mizizi, choma au zika, wala usigawe vipando kutoka shamba hilo. Ukiona mashuke meusi kama masizi, ni fugwe. Ng'oa vile vile kabla unga haujapeperuka. Kata vipande vyenye afya kwanza, vyenye wagonjwa mwisho, na panga lioshwe kwa sabuni au lipitishwe motoni kabla halijarudi kwenye kipande cha kwanza wiki inayofuata.